Hatua Zangu Mfukoni mwa Mzee Adamu

Jumatatu, 15 Septemba

Presha 162 kwa 100! Daktari Scholastika wa kliniki ya Upanga kapima mara mbili, mkono wa kushoto kisha wa kulia, kama mteja asiyeamini bei. Kanipa wiki mbili. Hatua elfu nane kila siku, simu izihesabu, nimpelekee aone. Presha isiposhuka, vidonge maisha yangu yote. Akaniambia nitafute zoezi ninalolipenda, maana nisilolipenda nitaliacha. Nimelifikiria hilo ndani ya bajaji njia nzima. Ninachopenda ni kukaa kwenye kiti changu dukani na kutazama watu wa Mtaa wa Kongo.

Naogopa, niseme ukweli. Baba alianguka dukani humo humo akikunja vitenge, akiwa na miaka hamsini. Mimi natimiza hamsini Januari. Mke wangu Mwanamkuu kaificha chumvi. Nimeitafuta hadi kabatini.

Jumatano, 17 Septemba

Nimejiunga na klabu ya joging! Tishati ya kijani, imenibana tumboni. Saa kumi na mbili asubuhi tumetoka Msimbazi tunakimbia tunaimba. Kiitikio cha kwanza nilikiweza. Mbele kidogo wanaume wawili walikuwa wanagombania friji, kila mmoja kashika upande wake. Nani angepita? Nikasimama nijue friji ni ya nani. (Ya dada yao. Hawakumwambia.) Nilipogeuka, klabu haipo, hata nyimbo hazisikiki. Nimerudi kwa bajaji. Hatua 1,140.

Jioni Elibariki katuma picha ya simu yake kwenye kundi la wenye maduka wa jengo letu. Anauza masufuria, duka lake linatazamana na langu. Hatua 15,302! Chini kaandika: "Mazoezi hayana mjanja, wakubwa." Wakubwa ni mimi. Mwezi jana huyu akipanda ngazi za ghorofa ya kwanza alikuwa anapumzika katikati. Anazipata wapi hatua zote hizo?

Alhamisi, 18 Septemba

Leo kamba. Nimeruka sebuleni, ghorofa ya tatu. Mara kumi na moja, safi kabisa. Ya kumi na mbili nikasikia hodi. Ni Hajira wa ghorofa ya pili, chokaa ya dari imemjaa kwenye mtandio, anauliza kwa upole kama tunahama. Mwanamkuu kaomba radhi kwa niaba yangu. Kamba kaianikia mashuka.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimepata wazo! Sijui kwa nini halikunijia mapema.

Mzee Adamu, muuza kahawa. Tangu asubuhi anazunguka Kariakoo, birika mkono mmoja, vikombe vinalia mkono wa pili. Nimemwamkia, nimemwomba atie simu yangu mfukoni mwa koti lake na kunirudishia adhuhuri. Kaniuliza kwa nini nisitembee nayo mwenyewe. Nikamweleza kwamba hapo kazi itakuwa yangu. Kanitazama sana, kisha kaitia mfukoni.

Nimekaa kitini. Dakika kumi, jasho! Simu ile ina wateja wangu wote wa Songea na Masasi, na hapa ni Kariakoo! Nimemwachia Mwanamkuu duka, nikatoka mbio kufuata mlio wa vikombe. Mitaa ya Sikukuu, Mchikichi, Aggrey. Simu ipo. Nikaona bora niilinde mpaka adhana. Hatua 9,415, na mimi sijafanya zoezi lolote. Nimelala mapema, kulinda kunachosha.

Jumanne, 23 Septemba

Siku ya tano ya kulinda simu. Si kubaya hata kidogo. Kwanza, Mzee Adamu hasubiri kuitwa, anakwenda tu kwa mtu anayetaka kahawa. Nimemuuliza anajuaje. Anasema mwenye hamu huanza kumtazama jirani yake, kuona kama naye anataka. Nimechunguza watu sita. Watano kweli! Wa sita alikuwa anasinzia.

Pili, Mtaa wa Aggrey kuna muuza mawigi, jina lake Joyceline, na kila siku mezani kwake kuna tikiti maji. Zima, zuri, si la kujinunulia. Nani analeta? Kila tukifika mletaji ameshaondoka. Mzee Adamu hajui, na Mzee Adamu anajua kila kitu. Nimeulizia kwa majirani wanne. Joyceline kanishtukia. "Mzee wa vitenge, umekuja kunywa kahawa au upelelezi?" Nikamwambia nalinda simu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemharakisha Mzee Adamu tangu saa tatu. Kalalamika kahawa inamwagika. Nikambebea birika mwenyewe, ili mradi twende. Saa nne na nusu tuko Aggrey, mimi nimejibanza nyuma ya vichwa vya plastiki vya kuvalishia mawigi.

Mtu kaja. Tikiti begani, jasho linamtiririka. Elibariki!

Mke wake alifariki miaka minne iliyopita, na mwaka mzima uliofuata sikumwona akicheka. Leo alikuwa anacheka. Kumbe kila siku anazunguka mitaa sita ili sisi wa Kongo tusimwone na tikiti lake. Ndizo hizo hatua elfu kumi na tano! Akaniona. Wakati huo huo simu yangu ikaita, mfukoni mwa Mzee Adamu. Elibariki akautazama mfuko, akanitazama mimi, akaelewa yote.

"Kaka," akasema, "haya yaishie hapa hapa."

Tukapeana mikono, tukala tikiti. Jioni yeye hakutuma picha. Mimi nimetuma: 12,870.

Mwanamkuu katoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu, suruali inavuka. Anasema ni kutembea huko. Nimemsahihisha.

Jumatatu, 29 Septemba

136 kwa 88! Na kilo tatu hazipo! Daktari Scholastika kazisoma hatua zote, kanipongeza, kauliza nimepata zoezi gani. Nikasema kutembea, aibu imenishika. Vidonge hakuna, nirudi baada ya mwezi. Nimempigia Mwanamkuu kumwambia. Alilia, na mimi nikalazimika kugeukia ukutani.

Nimerudi kwa miguu, bajaji zingenichelewesha kumsimulia Mzee Adamu. Njiani nimelifikiria jambo hili vizuri. Liko wazi. Wiki mbili sijafanya zoezi hata siku moja, na presha imeshuka. Maana yake mwili wangu ulikuwa unadai kupumzika tu! Daktari nitamweleza taratibu, asijisikie vibaya. Tishati ya kijani nimempa Hajira, aifanye dekio. Nimenunua mnyororo imara, Mzee Adamu ajifungie simu kiunoni, nisihangaike tena kuilinda. Na mto mpya wa kiti. Kuanzia kesho nakaa.

Ila kesho Elibariki anapata jibu la barua yake ya posa kwa Joyceline. Nitafika Aggrey mara moja, nisikie. Halafu Mzee Adamu ananiambia kuna fundi saa wa Mtaa wa Pemba ameanza ghafla kuvaa tai kila asubuhi. Kwa nini? Ni lazima nipitie huko pia. Nikitoka hapo, nakaa.