Viganja vya Rangi ya Karoti

Mutuini,
Dagoretti Kusini.

Kwa Bi. Nabiha Taib,
Afisa wa Lishe,
Zahanati ya hapa kwetu.

Bi. Nabiha mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUONDOLEWA VITAMINI A BOMANI MWANGU

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Ndegwa Kihara, karani mstaafu wa ofisi moja kule Hurlingham, mume wa Virginia. Ni yule mama aliyemleta mjukuu wetu kutiwa matone ya vitamini A, akakaa mbele kabisa ulipokuwa ukifundisha. Utamkumbuka kwa sababu alikuwa akiitikia amina baada ya kila mboga. Kwa unyenyekevu mkubwa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ulifundisha kwamba vitamini A hulinda macho, hasa mwanga ukififia, hutunza ngozi na kuusaidia mwili kupigana na maradhi. Hilo sina ubishi nalo. Ukataja karoti, malenge, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, papai, sukuma, terere, mayai na maini. Mimi nilikuwa dirishani nimembeba mtoto, na neno maini nililisikia kwa masikio yangu mawili. Virginia anasema yeye hakulisikia. Tangu siku hiyo kila kitu mezani pangu kina rangi moja. Hata chapati zinakandwa kwa malenge, na waru, vile viazi vyeupe nilivyolelewa navyo, zimefukuzwa jikoni.

2. Viganja vyangu vimegeuka rangi, na nyayo pia. Nilikuja kwako roho mkononi. Ukanitazama weupe wa macho, ukasema ni safi, kwamba manjano ya ugonjwa wa ini huonekana hata machoni, na hii ni rangi ya karoti tu, haina madhara, itaisha nikipunguza. Nikaomba basi unipe lile tone la watoto badala ya karoti. Ukanikatalia, ukasema dozi ile si yangu, na vitamini A ya dawa ikizidi hudhuru. Nikarudi nyumbani nikiimba. Kosa langu lilikuwa kwenda kanisani.

3. Wewe ni mtu wa Pwani na Mwislamu, huenda hujui tunavyosalimiana. Baada ya ibada tunapanga mstari nje ya mlango, kila mmoja anashika mkono wa kila mmoja. Nilipofika mwisho wa mstari, kanisa zima lilikuwa limeviona viganja vyangu. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaombewa kwenye WhatsApp. Binti yangu Kui, anayefanya kazi Loresho, akaniandikia: "Dad, uko aje kwa ukweli? Usitufiche tafadhali." Nikamjibu kwamba mimi ni mzima. Hapo ndipo alipoanza kulia, maana kwetu mgonjwa akisema ni mzima, watu huanza kuulizana suti ya kumzika nayo iko wapi.

4. Akina mama wa kanisa wakaja kuniona. Mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, na chakula cha mgonjwa unakijua: malenge ya kuponda, supu ya karoti, papai lililoiva. Nikila, viganja vinazidi kuiva. Vikizidi kuiva, wanazidi kuja. Nikikataa kula, wanasema hata hamu ya chakula imekwisha, wanaongeza papai. Nilipowaeleza habari ya karoti, mwenyekiti wao Janice alinipapasa mgongoni na kumwambia Virginia kwamba ugonjwa umeshapanda kichwani.

5. Na hili ndilo zito. Ndugu yangu Waithaka hakuwa amekanyaga kwangu tangu tugombane kuhusu ua wa mpaka, ingawa kila asubuhi tunaonana tukipiga mswaki, kila mtu upande wake. Sasa anakuja kila jioni. Anakalia kiti changu, kwa kuwa mgonjwa hulazwa kwenye kochi. Anamenya karoti kwa kisu alichokuja nacho, anazikata mapande makubwa kana kwamba analisha ng'ombe, na ananisimamia mpaka nimalize. Halafu anasimulia jinsi tulivyoiba ndizi ambazo mama alikuwa amezifukia ziive. Tena anasimulia uongo, eti aliyeshikwa ni mimi.

Kwa hayo yote naomba uje kanisani kwetu Jumapili ijayo, usimame mbele ya watu na koti lako jeupe, utangaze kwamba mimi siumwi, nimelishwa karoti kupita kiasi. Kama hilo haliwezekani, basi vitamini A isimamishwe Mutuini nzima mpaka viganja vyangu vipauke. Wananchi waendelee na vitamini nyingine, ziko nyingi.

Nisalimie wote hapo zahanati, Bwana Musili wa maabara, mlinzi wa langoni, na watoto wote waliotiwa matone. Mungu awakuze na waone mbali.

Wako anayengoja kupauka,
Ndegwa Kihara.

Nyongeza: Usije Jumapili. Waithaka ametoka hapa sasa hivi. Akiwa mlangoni alisema kwamba Mungu akinijalia nikapona, yeye hatakuwa na sababu ya kuja tena, kwani ule ua bado uko palepale. Alisema hivyo akitazama chini. Bi. Nabiha, mimi na yeye hatukuwa tumeketi pamoja tangu tumzike mama, na nimemkosa sana. Tafadhali niandikie, na Virginia asijue: mtu wa umri wangu ale karoti ngapi kwa siku ili rangi hii isishuke?