Misumari Ishirini na Saba

Risiti aliitwa hivyo kwa sababu moja tu: katika miaka yake yote ya kuwauzia watu vitu visivyo vyake, hakuwahi kumwandikia mtu hata risiti moja. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, suti moja, na makao ya kudumu kwenye kochi la dada yake. Neno "kudumu" lilikuwa lake mwenyewe. Shemeji yake alikuwa amemwambia, kwa upole wa kutisha, kwamba mwezi ukiisha bila yeye kupata kazi, kochi litarudi kwenye shughuli yake ya asili, yaani kukaliwa na wageni.

Kwa hiyo jioni ile alikwenda relini kumpokea dada mzigo. Tusimsifu mapema. Mtu aliyekaribia kufukuzwa hupenda aonekane amebeba kitu.

Treni ya abiria ilikuwa imeacha kuvuka ile kona iliyo nyuma ya nyumba za mtaa wao. Ilisimama upande wa pili, abiria wakashuka na vikapu vyao na kutembea juu ya kokoto nusu saa nzima hadi kituoni. Dada alikuwa muuguzi, kutwa yuko wima wodini, na sasa alikuja viatu mkononi, miguu imevimba. Risiti akatwaa kikapu na kusema pole. Hata yeye aliisikia pole yenyewe ilivyokuwa nyepesi.

Hapo konani palikuwa na ugomvi. Mwanamke mfupi mwenye kofia ngumu, ambaye watu wote walimwita kwa cheo chake, Nyapara, alikuwa akivutana kwa maneno na mtunza stoo wa reli. Kona ilikuwa imebaki uchi. Misumari ya reli, ile minene yenye kichwa kilichopinda ili kuukandamiza mguu wa reli kwenye taruma, lile gogo linalolazwa chini ya reli, ilikuwa imeng'olewa mmoja mmoja na wakazi kwa miaka. Mtunza stoo hakukataa kutoa mipya. Alichosema ni kwamba utaratibu ni utaratibu: lete mkongwe upewe mpya, mmoja kwa mmoja, na bila mikongwe hata mkurugenzi aje na mama yake mzazi, yeye hafungui kufuli. Nyapara alihitaji mia tatu na kumi. Mkononi alikuwa nayo minne.

Risiti akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Mtaani kwao ilikuwa vigumu kupata nyumba isiyo na msumari wa reli. Fundi baiskeli alitolea pini kwa huo. Mama wa genge la nyanya alikandamizia turubai kwa minane. Mwalimu mstaafu alizuia makaratasi yasipeperuke, na shemeji mwenyewe, mtu wa sheria na kanuni, alizuilia mlango wa sebule. Huku kuna chuma, huku kuna mwenye shida ya chuma, na katikati hakuna dalali. Risiti aliona huo ni uzembe wa taifa zima.

Utapeli mkubwa huhitaji mtaji, na mtaji wa Risiti ulikuwa fulana ya njano ya mtumba pamoja na redio mbovu ya shemeji. Redio hiyo haikushika kituo chochote, ilifoka tu kama mafuta kikaangoni, popote utakapoiweka. Asubuhi iliyofuata, amevaa fulana kama mkaguzi, aliinua antena yake mbele ya genge la nyanya, redio ikafoka, naye akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari.

"Mama, kuna chuma cha serikali hapa," alisema. "Mashine haidanganyi."

Akaeleza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayevunja kiapo kwa sababu ya huruma, kwamba kesho kutwa lingepita gari lenye mashine kubwa kuliko hiyo, na atakayekutwa na msumari angeondoka nalo. Leo hata hivyo ilikuwa siku ya msamaha. Ukisalimisha misumari yako na ada ndogo ya kusafisha jina, basi imekwisha, hujulikani. Ada hiyo hakuwa ameipanga. Ilimtoka yenyewe, na alipoisikia akajivunia, kama mzazi anayemsikia mtoto akitamka neno la kwanza.

Mpaka saa sita mtaa mzima ulikuwa umepanga foleni. Watu ambao kwa miaka walikuwa wakiapa hawajawahi kuuona hata msumari mmoja walikuja na ndoo. Mwenye hoteli alileta tisa na kuomba ahesabiwe kumi. Fundi wa mageti alimvuta pembeni akauliza kama msamaha una punguzo kwa anayemtaja jirani, kisha akawataja majirani wanne kabla ya kujibiwa. Hata shemeji alifika, akiwa amefunga wake kwenye gazeti, akaona mkaguzi ni nani. Wakatazamana. Shemeji alilipa ada bila neno, kwa sababu nyuma yake walikuwa wamesimama watu wa kazini kwake.

Saa tisa Risiti aliingia kwenye yadi ya reli akisukuma mkokoteni wenye misumari mia tatu kumi na nane. Mlinzi wa getini aliandika jina lake na mzigo wake kwenye daftari, naye akasimamia herufi zisikosewe. Mtu akifanikiwa hupenda kuandikwa.

Nyapara aliihesabu yote, mmoja mmoja, akiupangusa kila mmoja kwa kidole. Kisha akamwuliza ameipataje. Hapo ndipo mtaalamu wetu alipojichimbia shimo. Angeweza kusema ameokota. Lakini alikuwa na hadithi nzuri na msikilizaji mzuri, na tangu lini msanii akaikimbia hadhira? Akasimulia redio, msamaha, ada, hata punguzo la kumtaja jirani. Nyapara alicheka mpaka akaivua kofia ngumu. Risiti akataja bei.

"Miaka mitatu nimepita nyumba hizo hizo," alisema Nyapara, akifuta machozi. "Nimeomba kwa adabu, nikaambiwa hakuna. Ningewapeleka polisi, ningefunga mtaa mzima, na mimi naishi humo humo. Kumbe nilichokosa ni mwongo."

"Mama, hilo neno kali. Sema mshauri."

"Mshauri. Sasa nisikilize. Kwenye daftari la mlinzi pana jina lako, na mbele yake pana misumari mia tatu kumi na nane ya reli. Hakuna anayetoka na mzigo wa reli bila karatasi yangu, na hakuna anayeweza kuingia nao bila kuulizwa aliutoa wapi. Nikimwita polisi, nianze na lipi katika hayo mawili?"

Risiti alitazama geti. Mlinzi alikuwa tayari amelifunga, anachokonoa meno. Alikuwa amewahi kukimbia na mzigo, na kukimbia bila mzigo, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kuupeleka mzigo mwenyewe gerezani na kusahihisha herufi za jina lake.

Masharti ya Nyapara yalikuwa mepesi kusema. Ada zirudi kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, na yeye afanye kazi na gengi, kikosi cha mafundi wa reli, mpaka kona ifungwe na treni ipite. Siku hiyo ukurasa wa daftari ungechanwa mbele ya macho yake. Kurudisha ada kulichukua siku mbili, mara nne ya muda aliotumia kuzichukua, kwa sababu kila mtu sasa alikumbuka kwamba alitoa zaidi.

Mtunza stoo akafungua kufuli, akatoa mipya mmoja kwa mmoja, kisha ikaja kazi yenyewe. Aliyemfundisha ni mzee mmoja aliyeitwa Mtaimbo, mwenye miaka thelathini na miwili kwenye gengi na mikono kama makoleo. Tundu la zamani la msumari, alisema mzee, limekwisha kulegea. Ukitia msumari mpya humo, unaingia kama kijiko kwenye uji, na unatoka vivyo hivyo. Kwa hiyo kwanza unachonga kigingi cha mbao, unakipiga ndani ya tundu mpaka lijae, kisha ndipo unapigilia msumari. Hapo konani treni inasukuma reli kwa nje. Msumari usioshika ukiinuka, reli inatanuka, na magurudumu yanaangukia katikati.

Risiti alijikaza kisabuni. Siku ya kwanza viganja vilimtoa malengelenge, siku ya tatu malengelenge yakapasuka, siku ya tano akashindwa kufunga vifungo vya shati, na dada akamfungia bila kuuliza. Siku ya nane ilibaki sehemu yake ya mwisho, na kuchonga vigingi ndiko kulikomuua. Mzee Mtaimbo alikuwa upande wa pili wa kona. Risiti akatia msumari kwenye tundu tupu, akaugonga mara mbili. Ukakaa. Ukiutazama kwa juu ulikuwa sawa kabisa na wenzake. Akatia wa pili. Akafikia kuona kwamba kazi hii nayo ina usanii wake, na kwamba watu wa vigingi walikosa tu mtu wa kuwafungua macho.

Saa nane mchana alimaliza kabla ya wote, akaketi kivulini, akimtazama mzee akihangaika na vigingi vyake, na kumhurumia.

Nyapara akaja, akakagua urefu wa kona. Kisha akamwambia anawe uso, kwa sababu treni ya saa kumi ndiyo ya kwanza kuvuka, na yeye ndiye atakayepanda.

"Kupanda wapi?"

"Mbele kabisa, kwenye injini, pembeni ya dereva. Ndiyo desturi ya reli. Aliyefunga kona ndiye anayepita juu yake wa kwanza. Ni heshima, usikatae."

Risiti alisema ana tumbo. Nyapara akasema dereva naye ana tumbo, wataelewana. Risiti akasema heshima hiyo inamfaa zaidi mzee Mtaimbo, mtu mzima, mwenye miaka yake. Nyapara akasema mzee atapewa ya kona nyingine. Risiti akasema, kwa kweli, kuanzia utotoni, injini humpa kizunguzungu.

"Utafumba macho," alisema Nyapara. "Treni yenyewe inajua njia. Inafuata misumari."

Hapo akaiona safari yenyewe. Akajiona amesimama mbele kabisa, kioo usoni, kona inamjia, na chini yake misumari imekaa kama vijiko kwenye uji. Ndipo jambo jingine likamfikia, na kulisimulia ni aibu, lakini tumekubaliana kusema ukweli: dada yake alikuwa ndani ya treni hiyo hiyo. Alikuwa anajua hilo tangu mwanzo. Alikuwa amegonga misumari ile yote, mara mbili mbili, huku akijua nani hurudi na treni ya saa kumi, na halikumgusa mpaka alipoambiwa kwamba ngozi yake nayo imo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, aibu ya kweli, siyo ile anayoigiza mbele ya hakimu.

"Ishirini na saba," alisema.

"Nini ishirini na saba?"

"Haina vigingi. Kuanzia lile taruma lenye ufa mpaka mwisho. Mama, piga simu hiyo treni isimame."

Nyapara alitazama saa. "Kuna saa moja na dakika hamsini. Simu nitapiga ukishindwa."

Basi watu wa mtaa waliokuwa wakipita njia ya mkato siku hiyo waliona kioja. Mkaguzi wao wa msamaha alikuwa chini juani, magoti kwenye kokoto, anang'oa misumari aliyoigonga mwenyewe na kuchonga vigingi huku viganja vinavuja damu. Mwenye hoteli akasimama kumcheka, akabaki kumhesabia. Mzee Mtaimbo alikuja akapiga magoti karibu naye, akaanza kuchonga. Msumari wa ishirini na saba ulizama saa kumi kasoro dakika nne. Treni ilikuwa imekwisha kupiga honi.

Ilisimama, ikampakia, ikaondoka polepole. Risiti alifumba macho, akasikia kona inaanza, uzito wote ukiegemea nje, ukiegemea vigingi vyake. Hakuna kilicholia. Alipofumbua, kituo kilikuwa mbele, na dada akashuka behewa la tatu akiwa amevaa viatu.

Akarudi konani kwa miguu, kifua mbele, maana sasa alikuwa mtu wa reli aliyepewa heshima ya reli. Nyapara alikuwa amechana ukurasa wa daftari, akampa. Risiti akautia mfukoni na kumgeukia mzee Mtaimbo, akamwambia kwamba desturi hii ni nzito lakini nzuri, na kwamba angependa kujua mzee alipanda mara ya kwanza mwaka gani.

"Kupanda nini?" aliuliza mzee.

"Injini. Ukishafunga kona."

Mzee aliwatazama wenzake wa gengi, wenzake wakamtazama yeye. Alisema amekaa hapo miaka thelathini na miwili, na hajawahi kuruhusiwa hata kuigusa ngazi ya injini.

Risiti akageuka taratibu. Nyapara alikuwa anakunja kamba ya kupimia, uso wake mtulivu kama wa mtu anayesubiri chenji.

"Mama," alisema Risiti, "hiyo desturi ya reli imeanza lini?"

"Leo," alisema Nyapara. "Saa nane mchana, nilipoukanyaga msumari wako wa kwanza ukacheza."

Risiti alijisikia vibaya kama kila mtu aliyewahi kutapeliwa naye. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ulikuwa utapeli safi, usio na hata redio, na kwamba yeye asingeufanya vizuri hivyo.

"Kesho tunaanza kona ya kiwandani," alisema Nyapara. "Saa moja. Mshahara ni mdogo na nitakukagua kila tundu."

Risiti alitafakari kwa heshima inayostahili, kisha akamwuliza kama, kwa mtu anayeishi kwenye kochi, angeweza kumwandikia hilo la mshahara kwenye karatasi, na kuweka sahihi, ili amwonyeshe shemeji.