Sentensi Kumi za Deni

Jumatatu, 3 Juni 1991
Jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nina miaka kumi na sita na sijawahi kudaiwa hata senti. Leo limekuwa tatizo. Mwalimu Jashoda anataka sentensi kumi za Kiingereza zenye maneno ya deni, za maisha ya kila siku, kufikia Ijumaa. Atakayeongoza atashika ufunguo wa maktaba muhula mzima. Ufunguo! Amarjit wa dawati la mbele alimaliza tano kabla ya kengele. Uongo mtupu. Eti ameikopesha benki. Mimi siandiki uongo. Itabidi nikope.

Jumanne, 4 Juni
Nimeanza na jirani yetu, Mama Nyakio. Kikombe cha sukari. (Kwetu ipo, kilo mbili.) Aliuliza kama baba yuko salama kazini. Niliona haya, nikatazama viatu. Lakini sentensi imepatikana: I owe Mama Nyakio a cup of sugar. Kisha shilingi tano kwa Kiragu wa kioski, na mshumaa kwa Mama Oloo. Amarjit alininyima kalamu. Akauliza, profesa Kilonzo, hata deni unalisomea tuisheni?

Jumatano, 5 Juni
Sentensi nane tayari! Kiragu anataka shilingi zake. Siwezi, nikilipa sasa sentensi itakuwa ya uongo. Ameniita mwizi mwenye miwani mbele ya wateja. Nimeandika: Kiragu is my creditor. Safi sana.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Majirani kumi na moja sebuleni, na unga, majani ya chai, bahasha ya harambee. Mama Nyakio alimwambia baba asione haya, kufutwa kazi kunaweza kumpata yeyote. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, tai shingoni. Akafungua mdomo. Wakafumba macho, wakaanza maombi. Marefu. Baadaye aliniita kwa majina yangu yote matatu. Nimezunguka mlango kwa mlango nikilipa na kuomba radhi. Mama Nyakio alicheka hadi akaketi, akanipa chai. Nimerudi na sentensi mbili za kulipa. Kumi! Zile nane nimezipeleka wakati uliopita, ziwe za kweli.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepata kumi kwa kumi. Amarjit naye kumi! Mwalimu amesema ufunguo utaamuliwa Jumatatu, kwa sentensi za ugonjwa. Amarjit tayari anatunga malaria. Nimefika nyumbani, nimelowesha soksi katika beseni, nimezivaa, nimeketi kwenye ngazi za nyuma, penye upepo.