Viti vya Heshima kwa Bendi ya Metali

Sabuni aliitwa hivyo kwa kuwa kila aliyewahi kumkamata alibaki na mkono mtupu. Asubuhi moja, akipita zake mbele ya ukumbi wa manispaa, aliwaona wapagazi wakitoa viti vyote na kuvipakia kwenye lori. Akauliza kulikoni. Akaambiwa saa tisa alasiri inapiga bendi ya metali progresivu, roki ya magitaa yanayonguruma, ile ya nyimbo ndefu kama foleni ya hospitali, na mashabiki wake husikiliza wima mwanzo hadi mwisho.

Mtu mwingine angesema "ahaa" na kwenda zake. Sabuni alikwenda kwa mchapaji wa kadi za harusi. Kabla ya adhuhuri alikuwa getini na kadi za kijani: KITI CHA HESHIMA, SAFU YA MBELE.

Wa kwanza kununua alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, magoti mabovu, fulana nyeusi yenye picha ya fuvu.

"Nimeisubiri bendi hii miaka kumi na tisa, mwanangu. Bila kiti simalizi hata wimbo mmoja."

Sabuni alimwonea huruma, kweli kabisa, kisha akampa namba moja.

Akafuata mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mwenye mwili wake na sauti yake, ambaye muziki wenyewe hakuujua hata kidogo.

"Mke wa meya anakaa wapi?"

"Nyuma yako, mama."

"Nipe!" Akapewa namba mbili.

Saa tisa wateja wakaingia, wakakuta sakafu tupu. Sabuni aliwatuliza kwamba viti huletwa wimbo wa kwanza ukiisha, ndiyo desturi ya muziki huu. Walimwamini, maana mgeni wa jambo haulizi asije akaonekana mshamba. Yeye alingoja kelele zianze ili aingie mitini kupitia mlango wa pembeni.

Zikaanza. Kuta zikatetemeka, mama wa vifaa vya ujenzi akaziba masikio. Sabuni akaufikia mlango, na kumkuta mwalimu ameuegemea, akihesabu mapigo kwa vidole: saba, saba, tano.

"Sikukasirikii!" mzee alimpigia kelele sikioni. "Miaka thelathini ya kufundisha, sijaona akili kama yako! Umewezaje?"

Sasa, tapeli ni mtu mpweke. Wanaoijua kazi yake ndio hao hao wanaomtafuta, kwa hiyo hakuna wa kumsifu. Sabuni alivikwa kilemba cha ukoka na kikamkaa vizuri.

"Sema kwa nguvu, sisikii!" mzee alihimiza, kidole kikiwa hewani.

Sabuni akajaza mapafu. "NIMEWAUZIA MAZUZU HAWA VITI VYA UKUMBI USIO NA VITI!"

Kidole cha mzee kilishuka, na bendi nzima ikanyamaza ghafla. Maneno yale yaligonga dari na kurudi. Hata mpiga ngoma aligeuza shingo.

"Mapigo kumi na moja ya ukimya, dakika ya nne," mwalimu alieleza taratibu. "Kila shabiki anayajua."

Mdomo ulikuwa umeponza kichwa. Mashabiki wenye nywele ndefu walimzunguka Sabuni, mifuko ikakung'utwa, na hela zikarudi kwa wenyewe. Mwalimu peke yake alikataa zake.

"Mimi nilinunua kiti," alisema, "na ninataka kiti."

Basi Sabuni akapigishwa magoti na viganja sakafuni, safu ya mbele kabisa. Mzee alitandika sweta mgongoni pake, akaketi kwa adabu. Muziki ukalipuka upya. Mwalimu alikuwa akilia kwa furaha huku akipiga saba, saba, tano kwenye bega la kiti chake, na Sabuni aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

"Mzee wangu," aliguna, "wimbo umebaki kiasi gani?"

"Dakika kumi na nane. Usitikisike."

Mama wa vifaa vya ujenzi akajongea. Kumbe naye hakuchukua hela zake. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, akainama, akamwonyesha Sabuni kadi ya kijani.

"Mwalimu, wala usiwe na haraka," alisema. "Mimi ni namba mbili."