Babu Yangu Atolewe Kwenye Kasiki

Makorora, Tanga
9 Machi, 1957

Kwa Bwana Mwalimu Mkuu wa Historia,
Chuo Kikuu, Ulaya.

Bwana Mwalimu,

Salamu nyingi. Shikamoo naiweka akiba mpaka nijue umri wako. Najua Kiswahili hukisomi, kwa hiyo barua hii atakusomea mwanafunzi wako Timotheo, yule unayetaka kumpa digrii ya pili ya historia. Anapanda meli wiki ijayo na ataileta mwenyewe. Akikohoa mahali, jua karuka mstari.

Timotheo ni kijana wetu, kazaliwa kambi ya mkonge hapa hapa, wazazi wake Walutheri kutoka bara, watu wenye adabu zao. Alitumwa kukusanya habari za pwani wakati Wajerumani walipoingia. Kitabu chake ametusomea barazani kabla ya kukuletea. Tumesikia. Mimi nimeumia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ameandika kwamba babu yangu, marehemu Mwinyijuma, askari wa Kijerumani waliposhuka alijificha ndani ya kasiki, ule mtungi mkubwa wa maji. Kayapata wapi? Matangani kwa shangazi yangu, kinywani mwa Idarusi. Na Idarusi ni mtani wangu! Mtani kazi yake msibani ni nini kama si kututukana mpaka wafiwa tucheke? Siku ile ile alisema shangazi hakufa, kajifanya tu ili asipike. Hilo Timotheo hakuliandika.

2. Chini ya ukurasa ameongeza kwamba hakuna aliyekanusha, na kwamba mjukuu wa marehemu mwenyewe alicheka. Nilicheka, ndiyo! Ukimkasirikia mtani wako mbele za watu utaonekana huna malezi. Sasa kicheko changu kimekuwa ushahidi wa kumwangamiza babu yangu. Hivi wazazi wake kule kambini hawana watani?

3. Nilimweleza kwa upole kwamba siku hiyo babu alikuwa kijiji cha Ushongo kununua ng'onda, wale samaki wa kukausha. Akaniuliza nani alimwona. Bwana Mwalimu, waliomwona wote wamekufa, na ng'onda wameliwa.

4. Nikaona nimwonyeshe kwa vitendo kwamba mtu mzima haenei kwenye kasiki. Watu husema nimefanana na babu kwa umbo. Nikalilaza kasiki la mke wangu Mboni, nikaingia. Nikaenea. Kutoka ndiko kulikonishinda, mpaka Mboni akalivunja kwa mchi, na maneno aliyoniambia siwezi kumwandikia mwalimu. Timotheo, badala ya kunivuta mkono, alikuwa anaandika. Sasa nipo ukurasa mmoja na babu.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote digrii hiyo izuiliwe mpaka babu atoke. Ikiwa ni lazima kitabu kiwe na mtu ndani ya kasiki, atiwe Mjerumani. Walikuja wengi, hawatajua kapungua nani. Sina ugomvi na elimu. Lakini babu ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kusali na kuogelea, na sitaki wajukuu zangu wamjue kwa kasiki tu. Hilo linaniuma kweli.

Nisalimie walimu wenzako, mkeo, watoto, na wanafunzi wote walio na babu. Mboni anakusalimu, naye anauliza kasiki jipya litatoka chuoni au kwangu.

Ni mimi ninayengoja haki ya marehemu,

Haji bin Athumani bin Mwinyijuma

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Nimetoka sasa hivi kwa kinyozi, mtaa wa Nguvumali, nimemkuta Idarusi kazungukwa na watu wanampa mkono wa hongera. Anawaambia kwamba yule wa kwenye kitabu kinachokwenda Ulaya ni babu yake yeye, ati Timotheo kakosea jina. Wallahi hapana! Bwana Mwalimu, usifute hata nukta, na digrii mpe kijana upesi. Aliyekuwa kwenye kasiki ni Mwinyijuma, babu yangu mimi, na alienea vizuri sana. Babu yake Idarusi siku ile alijificha chooni. Mimi ni mtani wake, nayajua. Timotheo aje na kalamu yake kabla meli haijaondoka, nitamweleza yote.