Kesi ya Mkono Uliotangulia Kichwa

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kisha kwa tarishi mlango hadi mlango, kwamba kuanzia Jumatatu miili yote ya watumishi wa Wizara itafuata ngazi za mamlaka.

Chanzo kilikuwa mhadhara. Daktari mmoja alialikwa kueleza namna viungo vinavyopelekeana habari, akasema kwa adabu kwamba mkono ukigusa moto hauungoji ubongo. Habari hupita katika mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, uti hutoa amri, mkono huondoka. Ubongo huja kuarifiwa jambo likiwa limekwisha. Watu wakapiga makofi. Katibu Mkuu hakupiga. Alishika tama kama mtu aliyeambiwa kwamba bawabu wake amekuwa akitia sahihi barua kwa niaba yake tangu azaliwe.

"Yaani afisa wa mgongoni anatoa amri, kichwa kinaletewa nakala?"

"Nakala huja upesi, mheshimiwa," daktari alisema.

"Na hizo homoni?"

"Hizo ni barua za tezi. Humwagwa katika damu zikazunguka mwili mzima, na kila kiungo husoma ile tu inayokihusu. Ni za polepole kuliko mishipa, lakini zikishatoka hazirudishwi. Hungojwa mpaka ziishe zenyewe."

"Bila anwani," Katibu Mkuu alisema kwa huzuni. "Bila namba ya jalada."

Ndipo ukatoka Waraka Namba Saba. Kiungo chochote kisitende ila kwa idhini ya kichwa, kwa maandishi. Mkono utakaokaidi utasimamishwa papo hapo kwa siku tisini, usishike kalamu wala kikombe cha Serikali. Na mwenye mkono atafukuzwa kwa barua yenye sahihi ya mkono wa kulia wa Katibu Mkuu, usiokaimiwa na mwingine. Homoni zote ziandikishwe masjala.

Karani wa masjala aliupokea waraka kwa moyo mkunjufu, kwani kazi yake ilikuwa kupokea, na katika miaka kumi na minane hakuwahi kukataa kitu. Akafungua madaftari matatu: la kushtuka, la chafya, na la jasho. Kufikia saa tatu dirishani pake palikuwa na foleni.

"Karani, nina chafya hapa."

"Ya kawaida au ya dharura?"

"Ndugu yangu, inakuja."

"Basi izuie, nakutafutia fomu."

Siku ya nne yakamfika yeye mwenyewe. Mama Chai, aliyewapikia chai makatibu wakuu sita, na ambaye ndiye mama mzazi wa mke wa karani, aliingia masjala na birika lililokatika mpini. Kwa miaka miwili alikuwa ameomba birika jipya, na barua zake tatu zilikuwa masjala, zimepokelewa. Kitambaa alichoshikia kikateleza, mkono wa kushoto ukagusa bati, ukaachia. Chai ikaumwagikia Waraka Namba Saba, nakala halisi, ikabidi uanikwe kambani kama shati. Mama Chai akashtakiwa. Zilikuwa zimebaki siku tisini astaafu kwa heshima.

Nyumbani, mke wa karani hakupandisha sauti. "Mama akifukuzwa, na wewe tafuta pa kulala. Mimi sikuolewa na jalada."

Kikao kilifanyika kesho yake ofisini kwa Katibu Mkuu. Kielelezo cha kwanza, birika lile lile, kilikuwa mezani juu ya jiko la umeme, kinachemka, ili kibaki katika hali ya siku ya tukio. Karani alipaswa kumsomea mashtaka mama mkwe wake ilhali hata kumtazama usoni ni kukosa adabu. Basi akayasomea zulia. Kinywa kilimkauka, moyo ukamdunda. Tezi iliyo juu ya figo ilikuwa imetuma barua bila kupitia kwake. Akafungua daftari la tatu, akaandika: jasho, limepokelewa saa nne na robo.

"Je, kichwa chako kiliuruhusu mkono kuondoka?" mwanasheria wa Wizara aliuliza.

"Mwanangu, kichwa kilipopata habari, mkono ulishafika kwenye kanga," Mama Chai alisema. Kisha akaongeza, kwa utulivu wa mtu aliyekulia chuo cha Kurani, kwenye mashairi:

"Mkono haungojei, waraka kupigwa chapa,
Moto haumchelei, mwenye cheo hata hapa."

Karani akaandika: mshtakiwa ametoa maelezo yenye vina.

Katibu Mkuu akacheka kidogo. "Kinachokosekana hapa ni nidhamu. Nitawaonyesha mkono wenye nidhamu." Akakunja mkono wa shati, akalishika birika kwa mkono wa kulia.

Mkono ulikaa pale muda usiotosha kusema bismillahi. Ukaruka, ukaangusha kikombe, ukajificha kwapani.

"Sikuuamuru," Katibu Mkuu alisema.

Mama Chai alikuwa akitazama dari.

"Karani, hilo usiliandike."

Karani alitaka kutii. Kichwa chake chote kilitaka kutii. Lakini alipotazama chini, maneno yalikuwa yameshalala kwenye karatasi kwa wino mweusi, pamoja na saa na dakika.

"Nisamehe, mheshimiwa," alisema. "Mkono umetangulia."

Mwanasheria aliusoma waraka mara tatu; ulikuwa umekauka vizuri. Mkono wa Katibu Mkuu umesimamishwa siku tisini. Barua ya kumfukuza Mama Chai inahitaji sahihi ya mkono huo. Ya kumfukuza Katibu Mkuu, vilevile. Ya kumwadhibu karani, vilevile. Na kuufuta waraka?

"Sahihi hiyo hiyo, mheshimiwa."

Moyo wa Katibu Mkuu uliendelea kudunda hadi adhuhuri, ingawa birika lilikuwa limeshaondolewa. Barua ya tezi ilikuwa bado inazunguka, wala haikuwa na wa kuirudisha.

Toka siku hiyo, kwa siku themanini na tisa, kila saa nne Mama Chai alibisha hodi, akavuta kiti, akamnywesha chai bosi wake, kwa kuwa mkono wa kulia wa bosi haukuruhusiwa kugusa kikombe cha Serikali, na wa kushoto si adabu kunywea.

"Ni ya moto, Mama?"

"Kichwa kitaletewa taarifa, mheshimiwa," Mama Chai alisema, akainua kikombe.