Nafasi ya Kumi Ukutani

Jumatatu, 3 Machi
Nina hasira, sijui niziweke wapi. Chama cha historia cha mji wetu, Nether Sowley, kitatundika maktabani picha na masimulizi ya maisha ya wakazi kumi. Kumi tu! Tisa wameshapatikana. Leo, nje ya duka la mikate, mwenyekiti Bi. Hilary Bagshaw aliniuliza kama nitakubali kuwa wa kumi. Moyo ukaruka. Mimi Horace Pettifer, niliyewauzia misumari na rangi mpaka nikastaafu! Mtoto sina. Duka langu sasa ni saluni ya kucha. Nisipotundikwa ukutani, nani atajua kwamba niliwahi kuwepo?

Kwa hiyo nikakataa. Mtu mwenye adabu hukataa kwanza. Ukikaribishwa keki unasema hapana, unabembelezwa, unasema hapana kwa sauti ya chini, mara ya tatu unachukua kipande kikubwa. Nikamwambia Bi. Bagshaw maisha yangu yanamchosha hata mke wangu. Akasema basi, haidhuru, akavuka barabara. Nikabaki na mkate wangu.

Maureen, mke wangu, amecheka mpaka akakaa chini. Kanikumbusha kwamba Bi. Bagshaw katoka Yorkshire, huko kaskazini, na kule hapana ni hapana. Sasa mtu ahamie kusini halafu asijifunze ustaarabu?

Jumanne, 4 Machi
Nafasi yangu kapewa Trevor Gadd! Jirani yangu! Yule ambaye maboga yake hunipokonya kombe kila maonyesho ya mboga. Aliulizwa mara moja, akasema sawa. Sawa! Hakukataa hata kidogo. Alilelewa wapi huyu?

Alhamisi, 6 Machi
Dawa yake nimeipata. Nimejitolea kukusanya masimulizi yenyewe. Bi. Bagshaw kafurahi, kanipa kinasa sauti. Nitamwuliza kila mtu Horace Pettifer alimfaa nini maishani. Gadd atakuwa na picha moja. Mimi nitakuwa ndani ya maisha ya wote. Maureen kasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimemwomba aoke keki ya limau niwapelekee.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeanza na Bi. Edna Crouch, bibi mzee kuliko wote mjini. Akaanzia kuzaliwa kwake. Alipofika kwenye viatu vyake vya kwanza, keki ilikuwa imekwisha. Nikamchokoza: na Horace Pettifer je, unamkumbuka kwa lipi? Uso ukamng'aa. “Si ndiye wewe uliyemtumbukiza binti yangu bwawani?”

Jamani! Ile ilikuwa sherehe ya Mei. Binti alichaguliwa malkia wa siku hiyo, kakaa juu ya lori la maua, na usukani ulikuwa wangu. Nimesema tangu siku ile, breki hazikuwa nzuri. Bibi kasimulia yote, hadi majani ya bwawa kichwani mwa malkia. Kinasa sauti kikinasa.

Jumatatu, 10 Machi
Kasisi Amory naye ananikumbuka. Ile rangi ya mlango wa kanisa, niliyomwapia kwamba hukauka kwa saa moja. Bibi harusi akaingia, kipande cha gauni kikabaki mlangoni. Kasisi anaisimulia kwa furaha isiyofaa kwa mtu wa kazi yake.

Nikapita kwa Gadd. Akanikaribisha chai. Nikamwambia asijisumbue. Akanikazia macho, akafunika kopo la biskuti, taratibu. Mzaliwa wa hapa hapa! Anajua vizuri sana anachofanya! Halafu akasema yake atamsimulia Bi. Bagshaw mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Niliazimia kufuta bwawa na rangi. Nikajificha nyuma ya rafu maktabani, nikabonyeza kitufe. Sauti ya Bi. Crouch ikajaa ukumbi mzima: “Si ndiye wewe uliyemtumbukiza…” Bi. Bagshaw akaja, akasikiliza yote, akafuta machozi ya kicheko. Kaagiza lisiguswe hata neno moja. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi
Leo maonyesho yamefunguliwa. Mji mzima ulikuja. Nimo ukuta mzima! Bwawani, mlangoni, na kwa mwokaji wetu nimo juu ya paa lake, nimekwama. Watu walinipigapiga mabegani wakicheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikafika kwenye picha ya Gadd. Chini yake kasimulia kwamba mkewe Joan alipofariki, wa kwanza kubisha hodi alikuwa Horace, na pai ya Maureen mkononi. Horace akaanza kutengeneza komeo la geti ambalo halikuwa bovu. Akaja hivyo wiki nzima. “Geti halifungiki mpaka leo,” kasema Gadd. “Na sitaki mtu aliguse.”

Ilibidi nipenge kamasi. Nimemchukia miaka yote hii, na sasa kaniharibia hata chuki yangu.

Ndipo Bi. Bagshaw akapiga makofi kuomba kimya. Kumi wametimia, lakini ukutani kumebaki nafasi moja ya ziada karibu na mlango, akasema. Je, Bwana Pettifer atakubali kusimulia maisha yake mwenyewe? Vichwa vyote vikageuka. Maureen akanifinya mkono. “Sema ndiyo, Horace. Neno moja tu, mume wangu, nakuomba.” Gadd naye, kule nyuma: “Kubali, we mzee!”

Nilikuwa nalo mdomoni.

“Ah, jamani,” nikasema, “mimi? Hapana, hapana.”

Wakanipigia makofi kwa unyenyekevu wangu. Bi. Bagshaw akasema anauheshimu uamuzi wangu.

Jumapili, 23 Machi
Nimepita maktabani nikachungulia dirishani. Pale karibu na mlango wametundika mtungi wa kuzimia moto. Si kitu. Ni wa muda tu. Nimekaa kando ya simu tangu asubuhi. Atauliza tena, lazima.

Maureen kaniuliza kama nataka chai. Nikamwambia asijisumbue. Sasa anakunywa yake.